Haki ya Kura na Uhuru wa Kila Siku

Husemwa mara nyingi katika vibaraza vya Jang'ombe, na wasemao ni watu wazima wenye busara zao, kwamba siasa haijazi chungu. Chama kiwe kimoja au viwe ishirini, bei ya mchele pale Darajani haibadiliki kwa ajili hiyo. Anachokitaka mtu ni kufungua kibanda chake asubuhi, kumwoza bintiye kwa mume waliyeridhiana naye, kupanda boti kwenda Dar es Salaam na kurudi bila kuulizwa afuatacho huko. Kura ni jambo la siku moja katika miaka mitano; siku nyingine zote ni za maisha. Basi tuachieni maisha, husema, na kura zenu chukueni.

Hatuyadharau maneno haya. Msemaji wake ameona mengi, na pengine amezika zaidi ya mmoja kwa sababu ya siasa. Lakini ni maneno yanayoweza kupimwa, kwa kuwa ni sehemu chache katika Afrika Mashariki zilizoyajaribu kwa muda mrefu na kwa ukamilifu kama kisiwa chetu cha Unguja. Tangu Mapinduzi ya Januari 1964 hadi Julai 1992 tuliishi chini ya chama kimoja: kwanza Afro-Shirazi, kisha, tangu tarehe 5 Februari 1977, Chama cha Mapinduzi. Miaka ishirini na minane inatosha kujua kama mtu anaweza kunyimwa kura na kuachiwa maisha.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Atakayeandika juu ya miaka ile kama kwamba ilikuwa giza tupu hatakuwa ameandika ukweli, na watu wa Ng'ambo watamcheka. Ardhi ilitaifishwa Machi 1964, na baadaye wakulima wakagawiwa eka tatu tatu. Septemba mwaka huo huo elimu ilitangazwa kuwa bure, na mwaka uliofuata matibabu nayo yakawa bure. Mtoto wa mchukuzi wa bandarini, ambaye baba yake hakuwahi kuingia darasani, alivaa sare akaketi benchi moja na mtoto wa mwenye shamba. Zikaja nyumba za ghorofa, Kikwajuni na Kilimani, kisha yale majengo marefu ya Michenzani yaliyokata Ng'ambo kwa umbo la msalaba, na ndani yake wakaingia watu waliokuwa wakiishi katika nyumba za udongo na makuti. Kwa mtu wa namna hiyo, shule isiyo na ada na maji ya bomba ni uhuru halisi, wala si sawa kumwambia kwamba hayo ni maendeleo tu na kwamba uhuru ni kitu kingine kilicho juu zaidi. Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, katika waraka wake wa amani duniani wa tarehe 11 Aprili 1963, miezi tisa kabla ya Mapinduzi yetu, alipoanza kuzihesabu haki za binadamu alianza na uhai, chakula, mavazi, malazi na matibabu. Haki ya kushiriki katika mambo ya umma ilikuja mwishoni, na baada yake haki ya kulindwa na sheria. Lakini aliziweka zote katika hesabu moja, kwa kuwa zote hutoka katika hadhi ile ile ya binadamu. Hakusema kwamba za mwanzo zikishapatikana za mwisho zinaweza kusubiri.

Huku kwetu zilisubirishwa. Bara, tangu mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wananchi walikuwa wakichagua mbunge kati ya watu wawili, mmoja kwa alama ya jembe na mwenziwe kwa alama ya nyumba, na mawaziri kadhaa waliangushwa katika uchaguzi ule wa kwanza. Ulikuwa uchaguzi wenye mipaka, lakini ulikuwa na meno. Zanzibar hata hilo halikuwapo. Baraza la Mapinduzi lilitunga sheria, lilitawala, na kwa mambo mengi lilihukumu. Baraza la Wawakilishi lilianza mwaka 1980, na ndipo pia Mzanzibari alipopiga kura ya Rais wa Zanzibar kwa mara ya kwanza, kwa jina moja tu, ndiyo au hapana. Kwa miaka kumi na sita hakukuwa na mtu hata mmoja katika uongozi wa Zanzibar aliyehitaji kuja Jang'ombe kuomba kura.

Sasa tuulize: katika miaka hiyo kumi na sita, je, maisha ya kila siku yaliachwa salama?

Waliokuwa vijana wakati ule wanakumbuka suruali. Vijana wa chama walisimama njiani kupima upana wa miguu ya suruali na urefu wa sketi na wa nywele, na aliyeonekana kuvaa kigeni aliaibishwa hadharani. Wanakumbuka Jumapili za kujitolea, ambazo jina lake lilikuwa kujitolea lakini asiyefika alikuwa na maswali ya kujibu. Wanakumbuka kwamba mtu hakutoka kisiwani bila kibali, hata kama aendako ni Dar es Salaam katika jamhuri yake mwenyewe, na kwamba kibali hicho kilitegemea nani anakufahamu na anakufahamu kwa lipi.

Wanakumbuka zaidi chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 uagizaji wa vyakula kutoka nje ulipunguzwa kwa amri, na wananchi wakahimizwa kula mihogo na ndizi kwa jina la kujitegemea. Mchele, unga na sukari vikawa vya mgao. Akina mama waliamka alfajiri kushika foleni wakiwa na kikapu, wakarudi adhuhuri na kikapu kile kile. Na hii haikuwa kwa sababu nchi haina kitu. Karafuu ilikuwa na bei nzuri sana katika soko la dunia. Serikali ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee kwa mkulima, na fedha za kigeni zikawekwa akiba benki za nje. Mwenye karafuu hakuwa na ruhusa ya kumuuzia mwingine, wala mwenye njaa hakuwa na mahali pa kuuliza akiba ile ni ya nini. Tuseme wazi kwamba kujitegemea ni jambo jema. Ila kujitegemea kunakoamriwa na mtu asiyeshika foleni kuna kasoro ambayo hata mtoto huiona.

Kisha kuna jambo ambalo watu wa Unguja hulitaja kwa sauti ya chini hadi leo. Septemba 1970 wasichana wanne wa jamii yenye asili ya Uajemi waliozwa kwa nguvu kwa watu wa utawala. Jamaa zao wa kiume waliokataa walikamatwa. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba ndoa za namna hii zitaondoa ubaguzi wa rangi, na kwamba zamani mabwana walikuwa wakiwachukua wanawake wa Kiafrika bila ya kuwaoa. Kwamba dhuluma hiyo ya zamani ilikuwako, ni kweli tupu. Lakini dhuluma ya babu hailipwi kwa mwili wa mjukuu. Ndoa isiyo na ridhaa si ndoa, kwa Waislamu na kwa Wakristo. Juu ya hili shekhe na padre wa kisiwa hiki hawahitaji mkutano ili wakubaliane.

Suruali, safari, mchele, ndoa: hakuna hata kimoja katika hivi ambacho mtu angekiita siasa. Ni yale yale ambayo msemaji wetu wa kibarazani anaomba aachiwe. Vilichukuliwa kimoja kimoja, na kila kilipochukuliwa, aliyechukuliwa hakuwa na pa kwenda. Hakuwa na mwakilishi wa kumwendea. Hakuwa na gazeti la kuandikia. Mahakamani? Mwaka 1970 zilianza Mahakama za Wananchi, ambamo mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Walioshtakiwa kwa kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume, aliyepigwa risasi tarehe 7 Aprili 1972, walihukumiwa katika utaratibu huo, na mwanasheria mkuu wa Serikali akafanya kazi mbili kwa pamoja: kuwashtaki na kuwasemea. Tumelisoma jambo hili mara nyingi na bado hatujui mtu yule alikuwa akijibishana vipi na nafsi yake.

Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli, wazee wa Israeli walipodai mfalme, nabii hakuwatisha kwa mambo makubwa ya dola. Aliwatajia vijana wao watakaotiwa katika magari ya vita, mabinti zao watakaopelekwa jikoni kwa mfalme, mashamba yao bora ya mizabibu na mizeituni yatakayogawiwa watumishi wake. Alijua utawala usioulizwa huanzia wapi.

Lakini msemaji wetu bado ana hoja nzuri mkononi, nayo ni mwaka 1984. Mwaka huo Mzee Ali Hassan Mwinyi alipochukua uongozi wa Zanzibar, alifungua milango. Biashara ikaachiwa, maduka yakajaa, nguo, sabuni na sukari zikaonekana, jamaa waliokimbilia Uarabuni na Ulaya wakaanza kurudi kutembelea kwao, na watu wakapumua. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 iliandika haki za raia, na Mahakama za Wananchi zikaondolewa. Yote haya yalitendeka chini ya chama kimoja, bila ya vyama vingi na bila ya kelele. Je, huu si ushahidi kwamba uhuru wa kila siku unaweza kuja bila ya haki za kisiasa?

Unaweza kuja. Tunalikubali hilo, na tunawashukuru walioufanya uje. Swali ni jina la kitu kilichokuja. Kitu alichopewa mtu na mkubwa mwema, nacho kinaweza kuondolewa na mkubwa mwingine asiye mwema, kwa Kiswahili chetu huitwa ruhusa. Haki ni kile ambacho mkubwa mbaya naye anashindwa kukiondoa. Tuangalie mwaka ule ule. Mwezi wa Januari 1984 Mzee Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano, alijiuzulu nyadhifa zake katika kikao cha chama kule Dodoma, baada ya kile kilichoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa. Kosa lake lilikuwa kutaka kuuhoji muundo wa Muungano. Ikiwa Rais mwenyewe hakuwa na mahali salama pa kuuliza swali, muuza vitumbua angelipata wapi? Mwaka 1985 aliyemfuatia Mzee Mwinyi alipigiwa kura peke yake bila mpinzani, na bado kura za ndiyo hazikufika theluthi mbili; Pemba walisema hapana kwa njia pekee waliyoachiwa. Mwaka 1988 Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Waziri Kiongozi, alifukuzwa chamani pamoja na wenzake, na kuanzia Mei 1989 hadi Novemba 1991 alikuwa kifungoni. Maduka yalikuwa yamejaa wakati wote huo.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ilizunguka nchi nzima kuwauliza wananchi kama wanataka chama kimoja au vingi. Matokeo yake hutajwa na watetezi wa mfumo wa zamani hadi leo: takriban wanane katika kila kumi walisema chama kimoja kiendelee. Hawataji kwamba kwa upande wa Zanzibar waliosema hivyo walizidi nusu kidogo tu. Wala hawataji jambo la pili, ambalo sisi twaliona kuwa zito zaidi. Tume hiyo hiyo ilitaja sheria arobaini za kufutwa au kurekebishwa kwa kuwa zinawakandamiza raia: sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya mashtaka, sheria ya kuwahamisha kwa nguvu kutoka makwao, sheria ya nguvukazi ya mwaka 1983 ambayo kwayo mtu wa mjini asiye na kitambulisho cha kazi aliweza kukamatwa njiani. Wananchi waliulizwa juu ya vyama, nao wengi wakajibu kwamba hawana tatizo na chama. Lakini minyororo ilipohesabiwa, ikaonekana imefungwa miguuni mwao, katika kutembea, kukaa na kufanya kazi. Tume ilipendekeza vyama vingi ingawa wengi hawakuviomba, na tarehe 1 Julai 1992 sheria ikaanza.

Hatukuwa peke yetu. Kule Zaire, Rais Mobutu alipoamuru mwaka 1972 kwamba raia waache majina ya ubatizo yenye asili ya kigeni, na mapadre wakatishiwa kifungo, Kadinali Malula wa Kinshasa alipinga na ikambidi kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Chama kilichojitangaza kuwa cha kila Mzaire tangu kuzaliwa kilikuwa kimefika kwenye jina la kichanga. Malawi, wanawake walikatazwa kuvaa suruali kwa sheria, na kadi ya chama ilidaiwa sokoni na kwenye basi, hadi maaskofu wa Kikatoliki walipoandika barua yao ya Kwaresima iliyosomwa makanisani Machi 1992. Waliitwa na polisi kuhojiwa. Mwaka uliofuata karibu theluthi mbili ya Wamalawi walikikataa chama kimoja kwa kura.

Hapa pengine msomaji anadhani tutasema kwamba tangu 1992 mambo yamekamilika. La. Tulipopata kura tulijifunza jambo jingine la uchungu: haki ya kisiasa nayo yaweza kuula uhuru wa kila siku, iwapo kura ya mtu haiheshimiwi. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995, ambao matokeo yake yaliyotangazwa yaliwatenganisha wagombea wawili kwa chini ya nusu ya asilimia moja, walikuwapo watumishi waliopoteza kazi kwa kudhaniwa kuwa wa upande wa pili. Na walikuwapo majirani, hasa Pemba lakini na hapa Unguja pia, waliosusiana maduka, harusi na hata mazishi. Dhambi hii haikuletwa na Serikali peke yake. Mtu aliyekataa kubeba jeneza la jirani kwa sababu ya rangi ya bendera alimnyang'anya mwenziwe uhuru mkubwa kuliko ule wa suruali, naye hakutumwa na mtu. Januari 2001 risasi zililia, makumi ya watu wakafa, na wengine zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Tangu hapo tumeona miafaka, kura ya maoni ya Julai 2010 iliyoleta serikali ya pamoja, na uchaguzi uliofutwa Oktoba 2015. Hatutaki kuyarudia yote.

Jang'ombe yenyewe ina mfano wa karibu. Mwaka 2018 chama kilimvua uanachama mwakilishi wa jimbo hili. Kwa kuwa Katiba inamtaka mwakilishi awe mwanachama wa chama cha siasa, kiti kikawa wazi, na Oktoba mwaka huo ukafanywa uchaguzi mdogo. Hatusemi neno juu ya kosa alilohesabiwa, kwa kuwa hilo ni la chama chake. Twauliza tu: waliompa kiti ni wapigakura wa jimbo zima, wenye kadi na wasio na kadi, waliokiondoa ni kikao. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, iliamua tarehe 14 Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumlazimisha mgombea awe na chama ni kuvunja haki yake.

Lakini mahali ambapo kura na maisha hukutana kila siku ni barazani kwa sheha. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa. Hachaguliwi na wale anaowaandikia. Naye ndiye atakayethibitisha kwamba wewe ni mkaazi, ambaye barua yake hutangulia mambo mengi, kuanzia shule ya mtoto hadi mkopo na dhamana. Sheria ya mwaka 2005 ilileta kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, na katika uandikishaji wa wapigakura wa mwaka 2009 asiyekuwa nacho hakuandikishwa. Watu wengi walilalamika kwamba walizungushwa na masheha kwa miezi. Kitambulisho kile kile kilichokuwa kikimpa mtu njia ya kura ndicho alichodaiwa katika shughuli zake nyingine. Aliyenyimwa alinyimwa vyote viwili kwa kalamu moja. Masheha wengi ni watu waadilifu, na kazi yao ni ngumu na malipo yake ni madogo. Ila hata sheha mwadilifu hutoa ruhusa pale ambapo raia alistahili haki, ikiwa hakuna sharti la kueleza sababu anapokataa.

Kwa hiyo twaomba jambo moja dogo, tukijua kwamba makubwa yako mbali na uwezo wa kijarida hiki. Yeyote katika shehia za Jang'ombe atakayenyimwa barua au uthibitisho wa ukaazi aombe, kwa adabu, aelezwe sababu kwa maandishi. Akikataliwa na hilo, aandike tarehe, shehia na huduma aliyokuwa akiifuatia, kisha alete karatasi hiyo kwa wahudumu wa haki na amani. Haulizwi dini wala chama. Karatasi zitakusanywa na kupelekwa wilayani kila baada ya miezi mitatu, bila ya majina ya wasiotaka watajwe. Asiyejua kuandika asichelewe kwa ajili hiyo, ataandikiwa.